Noti za babu kwenye kopo: ipi ina bei na ipi ni karatasi tu

Shemeji yangu ni dalali wa viazi pale Kongowea. Mzigo wake mwingi anautoa Kibirichia, kaunti ya Meru, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, mahali ambapo baridi ya alfajiri humfanya mtu wa Pwani aulize alikosa nini kwao. Ukila viazi karai Mombasa, huenda umekula vya huko bila kujua. Mwaka jana msimu wa kuvuna alinipigia simu akiwa huko huko shambani, na sauti yake haikuwa ya biashara.

"Wewe si ndiye mwenye wazimu wa noti kuukuu?"

Nikamwambia ndiye.

"Basi panda gari uje. Hawa watu wangu wanataka kuuza ndama."

Nilipanda. Na kwa kuwa tangu nirudi nimeulizwa jambo hili barazani zaidi ya mara kumi, naona niliandike lote hapa, ili atakayeuliza tena nimwelekeze asome.

Mambo yalikuwa hivi. Mwenye shamba ni bibi wa makamo ya themanini na kitu, mjane, ambaye kule wote humwita Nyanya nami nikamwita hivyo hivyo. Mjukuu wake alitumiwa video kwenye simu. Ndani ya video ile yumo mtu ameshika noti ya zamani ya Marekani, imeandikwa jina la benki ya mji fulani mdogo, na anasema imeuzwa kwa mamilioni. Chini yake pana nambari: tunanunua noti za zamani za nchi zote, Kenya pia. Kijana akakumbuka kopo la marehemu babu yake. Akapiga picha, akatuma. Baada ya saa moja akajibiwa kwamba hongera, moja ya noti zako ni shilingi milioni mbili na laki nane, tuma 4,500 za usajili. Wakauza magunia ya mbegu ya viazi, wakatuma. Siku ya pili wakaambiwa watume 38,000 za cheti na ushuru wa kusafirisha. Ndipo ndama akaingia katika hesabu.

Nilipofika, jambo la kwanza nililowaambia ni kwamba hiyo 4,500 imekwenda. La pili, kwamba mnunuzi wa kweli hamdai muuzaji pesa. Nyumba za mnada zinazouza noti, kama Spink na Noonans za London au Heritage ya Marekani, hukata kamisheni yao baada ya kitu kuuzwa, katika bei iliyopatikana. Anayekutaka utume kwanza ndipo upokee, huyo biashara yake si noti. Biashara yake ni wewe.

Kijana hakunielewa mara moja. Aliniuliza swali la haki kabisa: "Lakini ile noti ya Marekani, Mzee, ni uongo nayo?"

Na hapa ndipo penye utamu wa jambo, kwa sababu ile noti si uongo.

Mwaka 1863, Marekani ikiwa katikati ya vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe, serikali ya Washington ilihitaji pesa na ilihitaji noti zinazoaminika nchi nzima. Ikatunga sheria: benki ya mji wowote ikipewa hati ya taifa, ikanunua dhamana za serikali na kuziweka amana kwenye hazina, itaruhusiwa kutoa noti zenye jina lake yenyewe. Serikali ilisimamia uchapaji, sura ya noti ikawa moja, ila jina la benki, jina la mji na nambari ya hati vilitofautiana. Rais wa benki na keshia wake waliweka sahihi zao. Mpango huo ulidumu mpaka 1935, na benki zilizotoa noti ni maelfu na maelfu, za miji mikubwa na za vijiji vyenye barabara moja na kanisa.

Sasa fikiria benki ya New York iliyotoa noti kwa malaki. Zilizobaki ni nyingi. Leo mkusanyaji anainunua moja kwa bei isiyomtisha. Kisha fikiria benki ya kijiji cha wafugaji iliyofungua milango miaka michache ikafilisika. Noti zake zilirudishwa zikachomwa, na leo zinajulikana mbili tu duniani, au moja. Karatasi ni ile ile, sura ni ile ile, thamani iliyoandikwa ni ile ile dola 5 au 10, lakini moja itauzwa kwa dola mia na nyingine kwa makumi elfu ya dola. Wanaozinunua mara nyingi ni wenyeji wa jimbo hilo au mji huo, wanaotaka noti ya kwao, yenye sahihi ya keshia ambaye kaburi lake liko nyuma ya kanisa lao. Kwa hivyo kinachouzwa pale ni mahali. Uzee peke yake haununui kitu.

Tena noti hizo bado ni pesa. Marekani haijafuta noti zake tangu 1861. Ukiwa na dola 5 ya benki ya 1882, kisheria ni dola 5 hata leo, ingawa atakayekwenda kununulia mkate ataonekana mwehu. Sisi huku mambo ni tofauti. Noti zetu za kikoloni zilifutwa, na hakuna benki itakayozipokea. Thamani yake yote imebaki mikononi mwa wakusanyaji, na mkusanyaji halazimiki kununua.

Nikamwambia kijana: kwa hivyo aliyekutumia video hakudanganya kuhusu noti ya Marekani. Alichukua ukweli wa watu wengine akautumia kama chambo.

Kisha tukafungua kopo.

Lilikuwa kopo la mafuta ya kupikia, limefungwa kwa kitambaa, na ndani yake mna risiti za zamani za pareto, kitambulisho cha marehemu, na noti zenyewe. Baridi ya Kibirichia, ninayoilaani, ni rafiki wa karatasi. Kopo hilo lingekaa miaka sitini Kisauni, kwa unyevu wetu huu na mchwa, tungekuta unga.

Juu kabisa palikuwa na noti tatu za rangi hafifu zilizoandikwa kwa Kiingereza kuwa ni za Serikali ya Japani, thamani yake kwa rupia. Hizi ndizo kijana aliambiwa ni milioni mbili na laki nane, na ukiziona utadhani kweli: Mjapani, rupia, na mchoro wa hekalu. Nilitazama herufi. Zinaanza na B. Mjapani alipoziteka nchi za Asia wakati wa Vita vya Pili alichapisha pesa kwa kila nchi aliyoikalia, na herufi ya kwanza ndiyo inayokuambia ni ya wapi: M ni Malaya, P ni Ufilipino, B ni Burma. Alipochapa hakujali hesabu. Aliposhindwa, mwaka 1945, Mwingereza akatangaza kwamba noti hizo hazifai kitu, zikawa zinaokotwa njiani. Askari wakazitia mifukoni kuwa kumbukumbu, na ndiyo maana hadi leo zimejaa duniani na nyingi zake zinauzwa kwa dola moja au mbili.

Nikamuuliza Nyanya, babu alikuwa askari wa keya? Akaitikia kwa kichwa. Alikwenda, akasema, akakaa miaka, akarudi hazungumzi.

Askari wa KAR kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walipigana Uhabeshi 1941, wakapelekwa Madagascar 1942, na kutoka 1944 wakawa Burma. Nimeona noti hizi hizi nyumbani kwa watu Kwale, na mzee mmoja wa Lamu alikuwa nazo ndani ya msahafu. Ukizikuta katika sanduku la marehemu wenu, bei sahau. Zimekuambia alikokuwa.

Chini yake palikuwa na noti ya shilingi moja ya mwaka 1943, ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, yenye picha ya Mfalme George wa Sita, imechanika nusu. Halafu shilingi kumi ya Malkia Elizabeth, ambayo mtu mwema aliiunganisha kwa seloteepu. Halafu shilingi tano isiyo na Malkia, yenye chombo cha tanga ziwani.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa kuwa wengi wetu tunazo hizi majumbani.

Bodi ya Sarafu iliundwa London mwishoni mwa 1919. Kabla yake Pwani yote na bara ya Kenya ilitumia rupia. Ndiyo sababu mpaka leo tunasema pesa, neno lililokuja na ile paisa ya Wahindi, na jirani zetu wa Tanzania wanasema hela, iliyotoka kwa ile sarafu ndogo ya Mjarumani, mia moja kwa rupia. Mwaka 1920 Mwingereza aliiondoa rupia akaleta florini, haikukaa hata miaka miwili, akaiondoa akaleta shilingi. Noti za florini kwa hivyo zilikuwa na maisha mafupi mno, na za thamani kubwa zimebaki chache sana. Mtu akiniambia ana noti ya florini, mimi huvaa viatu.

Lakini za shilingi ni habari nyingine. Bodi iliendelea kuzitoa mpaka katikati ya miaka ya 1960, kwa Kenya, Uganda, Tanganyika, kisha Zanzibar kuanzia 1936, na wakati wa vita na baadaye zikatumika hadi Somalia, Eritrea na Aden. Zimeandikwa Kiingereza, Kiarabu na Kigujarati, kwa sababu ndizo lugha za waliokuwa na maduka. Zilichapwa nyingi. Za Mfalme na za Malkia zilizochakaa huuzwa kwa dola chache, au makumi ya dola ikiwa ni safi. Za shilingi mia ni bora kuliko za tano, maana watu wachache waliweza kuiweka shilingi mia bila kuitumia. Ile yenye chombo ziwani ilitolewa 1964, baada ya uhuru, kwa kuwa haikufaa tena kuwa na Malkia na nchi hazijawa na benki kuu zao. Ni nzuri kutazama. Iliyochakaa si ghali.

Na ile shilingi kumi iliyoungwa kwa seloteepu? Iliuawa siku ile ilipotibiwa. Ningependa jambo hili lisikike vizuri kwa sababu nimeona noti nyingi zikifa kwa upendo. Mtu anaipata noti ya babu, anaona chafu, anaiosha kwa sabuni, anaipiga pasi, anaipeleka kwa mpiga picha ikalaminishwe. Amekwisha. Mkusanyaji anataka karatasi kama ilivyotoka mikononi mwa watu, hata kama ina mkunjo na alama ya kidole. Wanaopima noti kwa kazi, walioko Marekani, hutumia kipimo kinachofika 70, na noti iliyofuliwa au kuunganishwa huandikiwa dosari hiyo wazi kwenye karatasi yake ya kipimo. Noti isiyowahi kukunjwa inaweza kuzidi mara kumi bei ya dada yake aliyekunjwa mara nne. Ukitaka kuihifadhi, ishike pembeni kwa mikono mikavu, itie katika mfuko laini wa plastiki ya kuhifadhia picha (si ile inayonuka), ilaze ndani ya kitabu, kiweke kabatini mbali na ukuta wa msalani. Basi. Usifanye lingine.

Palikuwa na noti nyingine ambayo ilituchekesha sote. Shilingi elfu moja ya zamani, moja tu, ya kabla ya zile mpya za 2019. Kijana alidhani hii nayo itapanda. Noti mpya zilipotolewa mwishoni mwa Mei 2019, Benki Kuu ilisema elfu moja za zamani zitakuwa hazina kazi baada ya tarehe 30 Septemba mwaka huo. Zilikuwako milioni 217 hivi. Zilizorudi ni karibu zote. Ambazo hazikurudi ni kama milioni 7.4. Milioni saba ni nyingi mno kwa wakusanyaji wa Kenya wote, hata tukizaa mapacha. Babu hakuwa hai mwaka huo, kwa hivyo Nyanya mwenyewe ndiye aliyeisahau humo, na alipotambua hilo aligeuza uso.

Ya mwisho ilikuwa ndani ya bahasha, peke yake, kati ya risiti za pareto.

Shilingi hamsini. Jomo Kenyatta. Tarehe 1 Julai 1966.

Hizi ndizo noti za kwanza za Kenya yenyewe. Benki Kuu ya Kenya ilianzishwa mwaka huo, na noti zake za kwanza zilikuwa za tano, kumi, ishirini, hamsini na mia. Nyuma ya hamsini kuna watu wanachuma pamba chini ya Mlima Kenya, mlima ule ule ambao ungeuona mlangoni kwa Nyanya kama mawingu yangesogea. Katika noti zote tano, hii ya hamsini ndiyo wakusanyaji wanaoisaka zaidi, kwa sababu ilitolewa miaka michache tu kisha ikaachwa, na hamsini haikurudi tena mpaka zama za Moi. Ikiwa mpya kabisa, isiyokunjwa, huuzwa kwa mamia ya dola. Ya Nyanya ilikunjwa mara tatu, haina mpasuko, haina wino, pembe zake kamili.

"Aliilipwa na watu wa pareto," Nyanya akasema kwa Kimeru, na mjukuu akatufasiria. "Nikamwambia tununue blanketi. Akasema hii ni ya serikali yetu, ikae."

Niliwaambia ukweli kama ninavyouona. Si milioni. Ikiuzwa vizuri, na mtu anayejua, huenda ikaleta bei ya ndama yule yule mliyetaka kumuuza. Kijana alivunjika moyo. Shemeji yangu, ambaye hesabu ndiyo kazi yake, alisema hiyo ni faida ya ndama mzima ukilinganisha na jana.

Yule mwizi wa kwenye simu, kwa taarifa yenu, hakuitaja hamsini hii hata mara moja. Hakuwa anajua noti.

Watu wa Pwani wataniuliza: na zetu je? Maana bara walipata noti kwa kuchelewa, lakini sisi tulikuwa na sarafu Mombasa na Unguja kabla reli haijajengwa.

Zipo, na ndizo zenye bei. Tuanze na Zanzibar. Serikali ya Zanzibar ilitoa noti zake za rupia kuanzia 1908, zama za Sayyid Ali bin Hamud: tano, kumi, ishirini, hamsini na mia, baadaye ikaongeza ya rupia moja na ya mia tano. Zina jahazi upande mmoja. Tarehe 1 Januari 1936 rupia ikafutwa, kila moja ikabadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Hebu fikiri kama mtu wa wakati ule: una noti ya rupia mia, ni shilingi mia na hamsini, ni pesa ya kujenga. Utaiweka kumbukumbu? Hakuna aliyeiweka. Maskini hakuwahi kuishika, na tajiri aliikimbiza benki. Kwa hiyo zilizobaki ni chache sana, na hata iliyochakaa hupata maelfu ya pauni mnadani London. Oman na Ghuba nako wapo wanaozitaka, kwa sababu historia ni moja na jamaa ni wamoja. Ukiwa na bibi Unguja, Pemba au Mombasa mwenye sanduku la mkangazi ambalo halijafunguliwa mpaka chini, nenda kamsalimie.

Kisha kuna noti za Mombasa. Serikali ya himaya ya Afrika Mashariki ilitoa noti za rupia za tarehe 1 Septemba 1905, na zimeandikwa Mombasa. Mombasa, si Nairobi. Hizi ndizo jamaa zake wa kweli wa zile noti za benki za vijiji vya Marekani: jina la mji wako liko juu ya karatasi. Mimi nimeziona kwenye picha tu, na sitarajii kuimiliki. Linaloniuma ni kwamba Mmarekani wa kijiji chenye barabara moja huipigania noti ya kijiji chake, na mji wetu wenye umri wa karne na karne, noti yenye jina lake ikitokea mnadani, sijawahi kusikia mtu wa Mvita ameinua mkono. Najua, tuna karo na kodi ya nyumba. Bado inaniuma.

Za Mjarumani zina mtego wake. Noti nzuri za Benki ya Kijerumani ya Afrika Mashariki za 1905, zenye simba kwenye rupia tano, zina bei ya heshima. Lakini zilizo nyingi ni zile za dharura. Vita vya Kwanza vilipoanza, manowari za Mwingereza zikaziba bandari, noti hazikuweza kuja kutoka Ujerumani, basi zikachapwa huku huku, Dar es Salaam na kisha Tabora, kwa karatasi yoyote iliyopatikana, na mwisho kwa mihuri ya mpira. Ukiiona utadhani imetengenezwa na mtoto wa shule. Watu huzikuta wakafikiri ni kitu cha pekee kwa vile ni mbaya hivyo. Kumbe zilichapwa malaki, na za rupia moja nyingi zake si ghali. Kinachoheshimiwa zaidi kutoka Tabora ni ile sarafu ya dhahabu ya rupia 15 ya mwaka 1916, yenye tembo mbele ya mlima, iliyogongwa kwenye karakana ya reli. Ukiuziwa ile na mtu njiani, jua ni bandia.

Na kwa wenzangu wa Mji wa Kale wenye zile sarafu za Kampuni ya Waingereza zilizoandikwa Mombasa na mwaka 1888, paisa yenye mizani na rupia yenye jua: hizo ni jambo la sheria. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa ni kitu cha kale chochote kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya 1895, isipokuwa vitabu na hati. Kukitoa nchini bila kibali ni kosa. Kwa hiyo mtalii akikuomba umtumie kwa posta, mwambie aje aitazame, anywe kahawa, aondoke. Noti haziingii katika hesabu hiyo kwa sababu ya kwanza ni ya 1905.

Mjukuu aliniuliza, basi mtu akitaka kuuza afanye nini. Nikamwambia piga picha pande zote mbili mchana kweupe, tarehe na nambari zisomeke. Tafuta bei ambazo noti kama hiyo imeuzwa kweli kwenye minada iliyopita. Usitazame bei ambazo watu wanaziomba, kwani hata mimi naweza kuomba milioni kwa kandambili zangu. Noti zote za dunia zina nambari katika katalogi iliyoanzishwa na Mjerumani Albert Pick, na ukimwandikia mnunuzi kwa nambari hiyo anajua hazungumzi na mgeni. Peleka picha kwa nyumba mbili au tatu za mnada. Hazitozi kwa kutazama. Watakachokukatia, waulize kabla, kwa maandishi. Usitoe noti mkononi kwa mtu anayesema anakwenda kuionyesha kwa rafiki yake.

Aliandika yote kwenye simu yake. Ile nambari ya walaghai aliipigia mbele yangu, ikawa haipatikani. Nikamsindikiza mpaka kituo cha polisi akaandikisha, ingawa sote tulijua mbegu za viazi hazirudi.

Nyanya alikuwa kimya muda mrefu, ameshika zile noti tatu za Burma. Akamwuliza mjukuu wake kitu, naye akanigeukia.

"Anauliza hizi ni ngapi, umwambie bila kumhurumia."

"Mwambie zote tatu hazinunui kikombe cha chai na mandazi pale Meru mjini."

Alipofasiriwa alicheka, kicheko cha kweli, cha kwanza tangu nifike. Akazikunja vile vile zilivyokuwa zimekunjwa, akazirudisha ndani ya kopo, akalifunga kitambaa. Ile hamsini akanipa nikaitie katika mfuko wangu wa plastiki, kisha akaichukua tena mkononi mwangu na kuirudisha ndani ya bahasha ya pareto, pamoja na plastiki yake. Kuuza, alisema, wataamua baada ya kupanda.

Nje shemeji yangu alikuwa anapakia. Tuliondoka saa kumi jioni na magunia arubaini ya shangi, mimi katikati, nimefunikwa blanketi la kuazima.